Kwale wa Mtakatifu Yohane na Mbwa wa Muyinga

Mtu akishinda wiki nzima nyumbani akiangalia filamu, akisoma riwaya za kijasusi na kumtuliza mbwa mwoga, wiki hiyo ameipoteza? Swali linafaa likizo ya Pasaka, shule zimefungwa na mvua ya Aprili inapiga mabati ya Gitega. Padri ana jibu lake, shehe wa mtaa wa Waswahili ana lake, na majibu hayo yanakaribiana kuliko wanavyodhani wengi.

Shehe ataanza na Hanzala, mmoja wa waandishi wa Mtume, ambaye habari zake zimo katika Sahihi Muslim. Hanzala alijiona mnafiki: mbele ya Mtume imani inamjaa, akirudi kwa mke na watoto anasahau mengi. Hakukaripiwa. Aliambiwa kuna saa ya hili na saa ya lile.

Padri ataanzia kwa Yohane Kasiano, mtawa wa karne ya 5. Kasiano anasimulia kwamba mwindaji alimkuta Mwinjili Yohane akimpapasa kwale, akashangaa mtu mwenye heshima zake kujishughulisha na kindege. Yohane akamuuliza mbona upinde wake haukuvutwa. Kwa sababu, alijibu mwindaji, ukikaa umevutwa siku zote utalegea. Na moyo vivyo hivyo, akasema Yohane. Katika karne ya 13 Thoma wa Akwino aliichukua hadithi hiyo katika Summa Theologiae kutetea mchezo na mzaha, tena akaongeza kwamba mtu mkavu, asiyecheka wala kupenda wengine wacheke, naye ana kosa. Ila kwa Thoma kwale hayumo. Yohane anacheza na wanafunzi wake tu.

Kupotea kwa kwale si jambo dogo. Hoja ya upinde inatosha kwa filamu na vitabu. Mtu anaangalia Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, ya mwaka 1992, anamcheka kijana aliyerudi kutoka Paris na shahada yake akitazamia uwaziri. Usiku anamfuata jasusi Willy Gamba wa riwaya za Elvis Musiba mpaka ukurasa wa mwisho. Jumatatu anarudi kazini akili imepoa, na pumziko limelipa. Lakini jioni nzima kando ya mbwa anayetetemeka imelipa nini?

Radi ikipiga, mbwa hujibana nyuma ya pipa, mkia katikati ya miguu, anapiga miayo wala hana usingizi, anajilamba pua. Kumkemea hakusaidii, kumburuta ndiyo kabisa. Linalosaidia ni kufunga dirisha, kuiacha filamu iendelee ili sauti yake ifunike ngurumo, na kukaa sakafuni na kitabu bila kumkodolea macho. Baadaye kidevu kinatua gotini. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, walipima kotisoli, homoni ya msongo, katika manyoya ya mbwa 58 na nywele za wenye mbwa hao. Vipimo vya muda mrefu vilifuatana, na tabia ya mwenye mbwa ilionekana kuwa na uzito zaidi kuliko ya mbwa. Utafiti huo haukupima likizo. Hata hivyo unatia shaka kama anayepumzika huku akipiga hesabu za Jumatatu anaweza kumtuliza mnyama yeyote. Hapo pumziko haliandai kazi. Lenyewe ndilo linalotakiwa, na anayelitaka ni mwingine.

Mbwa hufutwa hadithini kwa urahisi kama kwale. Katika Alfu Lela Ulela, liwali wa Basra huwachapa kila usiku mbwa wawili ambao ni ndugu zake. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya 1952, aliwageuza kuwa manyani; huenda alijua msomaji wake hangevumilia mbwa karibu na chakula cha liwali. Kurani haikuwa na haya hiyo. Katika Sura ya Pango vijana wanalala miaka 309, na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Wanaobishana idadi ya wale vijana humhesabu na yeye.

Linabaki swali la fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, na kwa Waislamu wa Muyinga, Burundi, halikwepeki. Kwa Mashafii, walio wengi kati ya Waislamu wa Afrika Mashariki, mbwa wa ulinzi anaruhusiwa lakini ni najisi. Akiwa mkavu na nguo kavu, hakuna cha kuosha. Akiwa amelowa, ni kuosha alipogusa mara saba, moja kwa udongo. Imamu Malik, wa madhehebu mengine, alimwona tohara, na chombo alicholamba huoshwa kwa utiifu tu. Aprili mbwa hukauka kwa shida, basi Mshafii atakayemkumbatia aweke ndoo ya maji na udongo mlangoni kabla filamu haijaanza.