Kijana si Mgeni

Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga, na ni chache methali zinazotajwa mara nyingi kuliko hiyo kila panapozungumzwa malezi. Ina hekima yake, kwani mazoea ya utotoni hudumu. Lakini anayeitazama kwa makini atagundua jambo moja: samaki anayekunjwa amekwisha kuvuliwa. Hana tena bahari ya kuogelea, wala hana pa kwenda ila jikoni au sokoni. Kijana hayuko hivyo. Yeye bado yumo majini, na mawimbi atakayoyakata hayajaonwa na wanaomlea. Yafaa basi kuulizwa anahitaji nini ili aogelee vyema.

Swali hili lina uzito leo, kwa sababu malezi hayako tena mikononi mwa wazazi, walimu na mafundi peke yao. Kuna miradi. Visiwani na mwambao wote, kijana huitwa leo kwenye semina ya ujasiriamali, kesho kwenye mafunzo ya uongozi, keshokutwa kwenye warsha ya kujikinga na dawa za kulevya. Hukaa kitini, husikiliza, hula chakula cha mchana, hupigwa picha, hupewa cheti na nauli, kisha hurudi barazani alikotoka. Haya hufanywa kwa nia njema, na yumkini lipo alilofaidika nalo. Lakini katika siku ile yote, hakuna kitu hata kimoja ambacho kingaliharibika lau yeye asingalikuja.

Wataalamu nao wameishughulikia kasoro hii. Kwa muda mrefu miradi ya vijana ilijengwa juu ya hofu: kijana alionekana kuwa hatari ya kuzuiwa, asivute, asiibe, asipate mtoto kabla ya wakati. Katika miaka ya 1990 Karen Pittman wa Marekani aliuhoji mtazamo huo, akieleza kwamba kutokuwa na tatizo si sawa na kuwa tayari kwa maisha. Richard Lerner, mwanasaikolojia wa nchi hiyo hiyo, alitaja mambo matano ya kukuzwa ndani ya kijana: uwezo, kujiamini, mafungamano na watu, tabia njema na huruma. Matano hayo yakikomaa, kwa maelezo yake, huzaa la sita, nalo ni mchango wa kijana kwa jamaa zake na jamii yake.

Orodha hiyo ni nzuri, na Lerner mwenyewe amesisitiza kwamba vijana washirikishwe na wapewe nafasi ya kuongoza. Hata hivyo, anayeisoma kwa haraka huuweka mchango mwisho kabisa, kana kwamba ni zawadi ya waliohitimu. Hapo ndipo penye mjadala. Je, mchango ni tunda linalochumwa baada ya mti kukomaa, au ni maji yanayoukuza mti wenyewe?

Jawabu moja limo pwani, pale vyombo vinapoundwa. Mwanagenzi wa fundi wa majahazi hangojewi mpaka ajiamini ndipo apewe kazi. Huanza kwa kubeba mbao na kushika kamba, mwisho akafika kwenye kalafati: kuipachika pamba iliyotiwa mafuta kati ya ubao na ubao, akiishindilia kwa chuma na nyundo mpaka upenyo uzibike. Kazi hiyo yaonekana ndogo, ilhali chombo kizima kinaitegemea. Akiifanya kwa uvivu, maji hayatamwonea haya kwa udogo wake. Fundi hulijua hilo, na kwa kumkabidhi mshono ule amemwambia, bila ya hotuba, kwamba roho za mabaharia zimo mikononi mwake. Kujiamini kwa kijana huyo hutoka kwenye chombo kilichoshushwa majini kikaelea.

Washairi wanaijua siri hii vilevile. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, kurasa za mashairi magazetini zimekuwa uwanja ambamo chipukizi hutunga na mkongwe akamjibu. Mkongwe hamwambii kwamba ametunga vizuri kwa umri wake. Humtafutia kina kilichopotea, humhesabia mizani, hulipinga wazo lake kwa ubeti mkali zaidi. Kujibiwa ni heshima kubwa kuliko kupongezwa, kwani anayejibiwa amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wenye kauli.

Lakini amana na mzigo hufanana kwa mbali. Yapo yaliyotendwa kwa jina la kufunza kazi ambayo hayafai kurejeshwa: kijana kutumikishwa miaka bila ya ujira, au kupigwa kwa kosa ambalo hakuonyeshwa jinsi ya kuliepuka, na msichana kuambiwa aufiche uhodari wake jikoni. Siti binti Saad aliuza vyungu kabla ya sauti yake kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Kipawa alikuwa nacho, lakini walihitajika pia watu wa kumfunza muziki na wapigaji wa kukaa naye. Ni wangapi waliokuwa na sauti wasipate wa kukaa nao? Kumkabidhi mtu kazi kisha kumwacha peke yake ni kumtupa. Anayetoa amana hana budi kuwa karibu, akaliona kosa lingali dogo na kulirekebisha bila ya kumvunjia mwenzake heshima. Tena heshima peke yake haijazi tumbo. Kazi yenye faida kwa watu yastahili malipo, hata anayeifanya akiwa angali anajifunza.

Mradi wa vijana, basi, ungepimwa kwa maswali machache. Kijana amekabidhiwa nini ambacho kitaharibika asipokuwapo? Ni mtu mzima gani atakayekuwa bado anamjua kwa jina fedha za mradi zitakapokwisha? Na anaposema, anajibiwa, hata kwa kupingwa, au anapigiwa makofi tu?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huifahamu methali hiyo kuwa ni ukali kwa mgeni. Yaweza kusomwa vingine: jembe ndilo linalomtoa katika ugeni. Anayelishika hupata haki ya kuuliza mbegu zimewekwa wapi na mavuno yatagawiwaje. Kijana aliyekalia viti vya semina miaka mitano bado yumo katika siku yake ya pili. Anakirimiwa, na shamba linalimwa na wengine.