Haya, na Maradhi ya Mlango wa Kizazi

Twapenda kusema na ndugu zetu wanaume juu ya jambo ambalo desturi imetufunga midomo: saratani ya mlango wa kizazi.

Maradhi haya hayaji ghafula. Mbegu yake ni kirusi kiitwacho HPV, na tangu kiingie hata kigeuke saratani hupita aghlabu miaka 15 mpaka 20. Muda wote huo mwanamke haoni maumivu, na ndio muda awezao kupona kwa tiba ndogo. Muuguzi hupaka siki nyepesi penye mlango wa kizazi, akangoja dakika moja. Palipoharibika hugeuka peupe. Siku hizi viko na vipimo ambavyo mwanamke hujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba, pasi na jicho la mtu.

Basi kwa nini wake zetu hungoja hata damu itoke?

Twaambiwa: ni haya. Haya ni katika imani, hatukatai. Lakini Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na wanazuoni wameweka utaratibu: mwanamke hutazamwa na mwanamke, asipopatikana, dharura huruhusu tabibu mwanamume, kwa kadiri ya haja. Nao wauguzi wengi wa zahanati zetu ni wanawake. Udhuru u wapi?

Liko jingine linong'onwalo, nalo ni baya zaidi. Kwa kuwa kirusi hiki hupita kwa kuingiliana, mke akionekana nacho mumewe humtuhumu. Huu ni ujinga, na ni dhuluma. Chaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kujulikana, na mke asiyemjua ila mume mmoja aweza kukipata kwa huyo huyo mmoja. Neno la zinaa sharia imelitakia mashahidi wanne, si cheti cha zahanati.

Mwaka 2019 serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10, na ni jambo jema. Lakini mama zao hawakuipata chanjo hiyo, kinga yao ni kupimwa. Mwanamke wa visiwa vya Lamu huvuka bahari, wa mashamba ya Kwale huacha watoto kutwa, na nauli huombwa kwa mume. Tumepata kumsikia mmoja akisema, "Mtu mzima wa afya apelekwa hospitali kufanya nini?" Na bwana huyo hulipandisha dau lake pwani akalipaka sifa kabla halijavuja!

Kamati za misikiti zenye fungu la sadaka na zitoe humo nauli ya wanawake hawa, na waalimu wa kike wa madrasa wafuatane nao.