Moto na Amana ya Waliolala

Katika vitu vilivyomfaa mwanadamu tangu kale, ni vichache vinavyoweza kushindana na moto. Moto humpikia chakula, humwangazia njia, humfukuzia wanyama wakali na kumwondolea baridi. Mahali penye moto watu hukusanyika. Na nyumba ambayo moto wake umezimika huonekana kama gofu. Kwa sababu ya wema huo mwingi, si rahisi kuushuku. Walakini moto una tabia moja ambayo yafaa ikumbukwe: hula kuni, hula makaa, hula gesi, na juu ya hayo hula hewa ile ile tunayoivuta sisi. Basi mtu awashaye moto katika chumba kilichofungwa amekaribisha mgeni atakayekula naye sahani moja. Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: mtu anapowasha moto ili awape wenziwe joto, nao wakalala kwa kumtumaini, ana wajibu gani juu yao? Je, nia yake njema yatosha?

Swali hili si la nchi za theluji peke yake. Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima, na sehemu yake kubwa iko baina ya mita 1,500 na mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai ukungu hulala juu ya mashamba ya chai ya Kebirigo na Nyansiongo hata jua lipande, na mvua ya jioni huacha ubaridi upenyao mablanketi. Ndiyo sababu jiko la makaa, likiisha kuivisha chakula, huingizwa chumbani. Kijana aliyepanga chumba kimoja mjini hufanya hivyo. Mama aliyejifungua karibuni hufanyiwa hivyo na jamaa wampendao. Mlinzi wa usiku katika kibanda chake hufanya hivyo pia. Wakati wa matanga hema husimamishwa uani na watu hukesha, na baridi ya alfajiri ikizidi huwako mtu wa kusema kwamba jiko liletwe ndani. Wanafunzi waendao kupanda Mlima Kenya hulala katika mahema mahali ambapo maji huganda usiku. Tena siku hizi ziko hita ndogo za gesi, zifungwazo juu ya mtungi na kubebeka kwa mkono mmoja. Gesi yake huwa ni propani, au butani, au mchanganyiko wa hizo mbili. Vyombo hivi hutofautiana kwa sura na kwa bei, lakini sheria ya moto ni moja kwa vyote.

Sheria yenyewe ni hii. Moto ukipata hewa ya kutosha, huwaka vizuri. Ukipungukiwa na hewa, hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni. Na damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Mfaransa Claude Bernard, bingwa wa elimu ya mwili, alieleza jambo hili katika karne ya 19. Basi mtu huweza kuwa anavuta pumzi kama kawaida, na huku moyo na ubongo wake vina njaa ya hewa. Kwanza kichwa humuuma, kisha hupata kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu. Baadaye akili huvurugika, na mwisho huzimia. Makaa mekundu yasiyotoa moshi, ambayo wengi hudhani kuwa ndiyo salama, huweza kutoa gesi hiyo kwa wingi. Katika hema hatari huzidi, maana hema ni chumba kidogo sana, na kitambaa kilicholowa mvua hakipitishi hewa vizuri. Juu mlimani huzidi tena, kwa kuwa hewa yenyewe ni nyepesi.

Angalieni ujanja wa adui huyu. Mwizi wa kawaida humwogopa mlinzi. Huyu humwibia mlinzi kwanza. Akili, ambayo ndiyo ingemwambia mtu aamke afungue mlango, ndiyo inayolegezwa mapema. Aliyelala hapati hata onyo la kichwa kuuma. Hutoka katika usingizi wa kawaida akaingia katika usingizi mwingine bila ya kujua mpaka. Kwa hiyo mtu asemaye, "Nikiona vibaya nitalitoa jiko nje," ameweka ahadi ambayo huenda asiwe na uwezo wa kuitimiza. Wajibu huu hauwezi kuahirishwa mpaka saa ya hatari. Lazima utimizwe mapema, wakati mtu yu macho na akili yake ni timamu.

Wako wasemao kwamba wazee wetu waliota moto ndani na hawakufa. Neno hili lina ukweli, lakini si ukweli mzima. Nyumba ya msonge iliyoezekwa nyasi ilipumua: moshi ulipenya katika paa, na hewa ikaingia chini ya mlango. Tena kuni zilitoa moshi uliowasha macho, na moshi huo ulikuwa mjumbe wa kuonya, ingawa nao ulidhuru macho na mapafu. Leo tunajenga kwa matofali, saruji na mabati. Tunatia dari na vioo. Tunaziba nyufa kwa vitambaa ili upepo usipite. Tumeibadili nyumba lakini hatukuibadili desturi. Mtu anayerithi desturi hana budi kuuliza ilikuwa salama katika hali gani, kwani hali ikigeuka, desturi iliyomlinda babu huweza kumwua mjukuu.

Ili tuupime wajibu huu vizuri, na tutazame mfano wa mbali. Mwaka 1934 Richard Byrd, afisa wa jeshi la majini la Marekani na mpelelezi wa nchi za barafu, alikaa peke yake katika kibanda kilichofukiwa ndani ya theluji huko Antaktika, akipima hali ya hewa katika usiku mrefu wa majira ya baridi. Jiko lake na injini ya kuendeshea redio vilitoa hewa ya sumu. Aliugua hata akakaribia kufa. Akawa katikati ya mauti mawili: akizima jiko, baridi imwue, akiliwasha, sumu imwue. Hata hivyo aliwaficha wenzake habari za ugonjwa wake, maana alichelea kwamba wakisafiri gizani kuja kumwokoa wangepotea wao. Wenzake walishuku kutokana na ujumbe wake, ambao ulikuwa umeanza kuvurugika. Watatu wakafunga safari, nao wakamfikia mwezi wa Agosti.

Mfano huu una mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba cheo, elimu na ushujaa havimkingi mtu na hewa mbaya. La pili ni kubwa zaidi. Byrd aliichukua hatari ile juu ya nafsi yake. Hapakuwa na mtoto wala mgeni aliyelala kando yake. Tunaweza kumsifu au kumlaumu, lakini shingo aliyoiweka rehani ilikuwa yake mwenyewe. Mtu aingizaye jiko katika chumba cha watoto, au awashaye hita katika hema la wenzake, ameweka rehani shingo zisizo zake. Waliolala hawakuulizwa, wala hawawezi kukataa. Kukubali hatari kwa ajili ya nafsi yako ni jambo moja, na kuwatwika wengine hatari wasiyoijua ni jambo jingine kabisa. La kwanza huweza kuitwa ujasiri. La pili haliwezi kuitwa hivyo, hata likifanywa kwa mapenzi.

Hapo ndipo jibu la swali letu linapoanza kuonekana. Anayelala karibu nawe amekukabidhi amana. Amefumba macho kwa sababu yako wewe yamefumbuka. Ukimpenda, huna budi kujua mambo ambayo upendo wako unayafanya. Nia njema isiyojifunza ni kama taa isiyo na mafuta: umbo lake ni la taa, lakini haimulikii mtu. Lakini hatuna haki ya kumhukumu kwa ukali mtu ambaye hakupata kuambiwa. Lawama humwangukia zaidi yule aliyejua akanyamaza, kisha yule aliyeweza kujua akapuuza.

Labda mtu atasema: "Maskini hana chaguo. Blanketi ni moja, watoto ni wanne, na baridi ni ya kweli." Hoja hii ni nzito, wala haifai kujibiwa kwa dharau. Ni aibu kumhubiria hatari ya jiko mtu atetemekaye kwa baridi, kisha tukaenda zetu tukalala katika mablanketi matatu. Kama twajua hatari, wajibu wetu una nusu mbili: kusema na kusaidia. Mwenye kupangisha vyumba atoboe tundu la hewa chini na jingine juu. Muuza hita amwambie mnunuzi waziwazi kwamba chombo hiki si cha kuachwa kikiwaka watu wamelala, wala si cha kutumiwa ndani ya hema lililofungwa. Mwalimu aongozaye safari ya mlimani ahakikishe kila mtoto ana nguo kavu na mfuko mzuri wa kulalia, ili asitamani moto.

Mwingine atasema kwamba siku za marehemu zilikuwa zimefika. Sishindani na imani ya mtu. Lakini yeye mwenyewe akimwona mtoto anatambaa kuelekea kisimani, hangojei kuona kama siku zake zimefika, hukimbia akamshika. Na wa tatu atatafuta adui. Watu wakikutwa wamekufa chumbani bila jeraha, mahali ambapo sababu haionekani kwa macho, ni rahisi kumnyooshea kidole jirani mzee. Nchi ya Kisii yajua maumivu ya tuhuma za namna hiyo. Mwezi wa Oktoba 2021, wanawake wazee wanne waliuawa huko Marani kwa kusingiziwa uchawi. Sisemi kwamba tuhuma zile zilitokana na jiko. Nasema kwamba ujinga wa sababu ni hatari mara mbili: huua ndani ya nyumba, kisha huweza kutoka nje kutafuta wa kuulipa msiba huo.

Sasa liko jambo gumu linalowahusu ninyi vijana. Mwanafunzi amefunzwa habari hizi shuleni. Akirudi nyumbani likizoni anakuta jiko chumbani. Atamwambiaje mkubwa wake? Wagusii wana desturi ya staha iitwayo chinsoni, inayoweka mpaka wa heshima baina ya mzazi na mtoto. Lakini baina ya nyanya au babu na mjukuu, desturi hiyo hiyo huruhusu utani na mazungumzo huru. Basi tumieni mlango uliofunguliwa na wazee wenyewe. Mjukuu aweza kusema, "Nyanya, moto huu umetufaa jioni nzima. Acha niutoe nje ukalale, nami nikuletee blanketi na chupa ya maji moto." Hapo hakuna utovu wa adabu. Heshima haikuwekwa ili wazee wafe kwa unyamavu wa watoto. Iliwekwa ili wakubwa na wadogo walindane.

Tena kumbukeni jinsi watu wengine walivyoutimiza wajibu wa kuonya. Gesi ya asili haina harufu kali yake yenyewe. Mwaka 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas, Marekani, gesi iliyovuja ililipuka chini ya shule ikaua wanafunzi na walimu wapatao 300. Baada ya msiba huo sheria ilitungwa kwamba gesi itiwe harufu mbaya, ili kila pua iwe mlinzi. Gesi ya mitungi yetu nayo hutiwa harufu. Lakini harufu hiyo huonya juu ya gesi iliyovuja kabla ya kuwaka. Kaboni monoksidi, izaliwayo na moto wenyewe, hubaki kimya. Katika nchi nyingine watu hufunga nyumbani kifaa kidogo kinacholia kikiitambua. Mahali pasipo na kifaa hicho, anayejua ndiye kengele.

Mambo ya kutenda si mengi. Otea moto jioni, mlango ukiwa wazi. Kabla ya kulala, toa jiko nje, maana makaa yaliyofunikwa majivu bado yanaishi. Katika hema usiwashe jiko wala hita. Jikinge kwa nguo kavu, mkeka chini na blanketi juu. Ukiona watu kadhaa katika chumba kimoja wameumwa kichwa pamoja, nao hupata nafuu wakitoka nje, usidhani ni mafua. Ukimkuta mtu amezimia, fungua mlango, mtoe kwenye hewa safi upesi, nawe usikawie ndani. Kisha apelekwe hospitali.

Je, nia njema yatosha? Haitoshi, ila ndiyo mwanzo. Nia huleta jiko kwa sababu inawaona watoto wakitetemeka. Maarifa hulitoa nje kwa sababu yanaona lile lisiloonekana. Mtu mwema huhitaji vyote viwili, kama vile moto uhitajivyo kuni na hewa. Na kila usiku, katika vilima vya Nyamira au chini ya kilele cha Mlima Kenya, wa mwisho kufumba macho ndiye mwenye amana ya wote.