Kuandika uongo ili mgonjwa atibiwe: Ni huruma au khiyana?

KATIKA darsa moja baina ya Magharibi na Isha hapa Lushoto, ndugu yetu mmoja anayefanya kazi katika kituo cha afya alibaki nyuma wenzake walipotoka. "Ustadhi," akaniambia, "kuna fomu niliijaza kwa mkono wangu. Tangu siku ile nikisali moyo hautulii."

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana mmoja alikuwa akikata majani ya ng'ombe kwenye matuta ya mlimani, panga likamponyoka na kumkata kwenye kifundo cha mkono. Damu ilizuiwa, na ngozi ingeweza kushonwa papo hapo. Lakini kidole cha mwisho na nusu ya kile cha jirani vilikuwa vimekufa ganzi, ukivichoma sindano hasikii. Mshipa wa fahamu ulikuwa umekatika, na huo hauungwi kama inavyoshonwa ngozi. Ilibidi ateremke kona za Soni hadi Mombo, kisha atafute hospitali kubwa yenye daktari bingwa, tena asichelewe. Fedha hana. Kaka yake, mtumishi wa serikali, ana kadi ya Bima ya Afya. Basi rufaa ikaandikwa kwa jina la kaka, kijana akapasuliwa kwa jina la kaka, na madai yakalipwa. "Sasa, Ustadhi, nimepata dhambi au thawabu?"

Nakiri sikumjibu usiku ule.

Wengi wetu tunadhani fomu ya madai ni urasimu tu. Mgonjwa anapewa kalamu, anatia saini bila kusoma, anakwenda zake. Kumbe ile saini ni ushahidi. Ugonjwa nao huandikwa kwa alama. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani iitwayo ICD-10, kidonda cha wazi cha kifundo na kiganja ni S61. Mishipa ya fahamu ya sehemu hiyo hiyo ikiumia, alama ni S64. Damu ni ile ile, lakini kazi ya daktari na gharama yake ni mbali kabisa. Anayeandika S64 kwa mtu aliyeshonwa ngozi tu anakula mali ya watu. Na anayeandika S61 kwa sababu alivivia kupima ganzi, naye anadhulumu: kidonda kitafunga, mkono utabaki umekufa, na karatasi itasema hakuna kilichokatika.

Haya si mageni kwa Uislamu. Mtume (S.A.W.) aliwapelekea watu wa Yemen barua kupitia kwa Amr bin Hazm, na ndani yake majeraha yametajwa moja moja pamoja na fidia zake. Jeraha lililofichua mfupa, mudhiha, ni ngamia watano. Lililouvunja mfupa na kuuhamisha, munaqqila, ni ngamia kumi na watano. Kila kidole ni ngamia kumi. Basi anayeiita mudhiha kwa jina la munaqqila amejiongezea ngamia kumi kwa neno moja tu. Na wanachuoni wakasema mkono uliopooza kwa jeraha hulipiwa kama uliokatwa, kwa kuwa manufaa yake yameondoka japokuwa nyama ipo. Mshipa wa fahamu uliokatika ndio hasa mlango huo.

Wapo watakaosema: bima yenyewe ni haramu, kwa hiyo fedha zake hazina heshima. Hoja hii nimeisikia hata misikitini. Ni kweli kwamba Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah mwaka 1985 lilikataa bima ya kibiashara, lakini likakubali ile ya kusaidiana. Na hata ukiutilia shaka Mfuko huu, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, fedha zake ni za nani? Mtumishi wa umma anachangiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu anakatwa yeye na nusu anatoa mwajiri. Ni jasho la mwalimu wa Mlalo na muuguzi wa Bumbuli. Hawakukuruhusu ulichukue.

Hoja nzito ni ya dharura. Mwenye njaa ya kufa huruhusiwa kula chakula cha mwenzake, nani atabisha? Lakini mafaqihi hawakuishia hapo. Wamesema dharura haifuti haki ya mwenye mali. Anakula na anabaki na deni. Kwa hiyo mkono wa kijana yule siwezi kuulaani, ila fedha zile ni deni, halikugeuka sadaka. Sadaka hutolewa katika mali yako.

Tena uongo huu haukwisha siku ya kupasuliwa. Mshipa ulioungwa huota polepole, kiasi cha milimita moja kwa siku, kwa hiyo kutoka kwenye kifundo hadi ncha ya kidole ni miezi sita na zaidi. Miezi yote hiyo kijana anaitwa kliniki kwa jina lisilo lake, na anaitika. Faili la kaka linaonesha mkono uliokatika ambao hana. La kijana halipo.

Lakini ndugu zangu, sisi tulikuwa wapi? Jalada la misamaha lipo, afisa ustawi wa jamii wa hospitali ana mamlaka ya kumsaidia asiyeweza kulipa. Hakuna aliyemwambia kijana. Wenye madeni ni miongoni mwa mafungu manane ya Zaka. Na mwezi ule ule sisi tulikuwa tunachangisha zulia.

Niliyasema haya mbele ya kamati ya msikiti. Mzee mmoja akauliza kama fedha za zulia zinaweza kuhamishwa. Hapana, aliyetoa kwa ajili ya zulia ametoa kwa ajili ya zulia, nayo ni amana vilevile. Likawekwa sanduku jingine la kulipa deni lile. Halijafika nusu.

Kwa yule ndugu nilimwambia kwamba mali ya mtu unaweza kuirudisha bila kujianika, na toba yako ikasihi. "Na faili?" akauliza. "Likirekebishwa lazima nijitaje. Nitafukuzwa, na kile kituo tuko wawili." Mpaka leo swali hilo sijampa jibu linaloniridhisha. Nimeliandika hapa ili masheikh wenye elimu kuliko mimi walijibu.