Sindano ya Profesa Reinstein

Miongoni mwa visa vilivyobuniwa zama za Vita vya Pili vya Dunia ili kuwatia watu hima, hakuna kilichonishughulisha fikira kuliko kile cha michoro cha Captain America, ambacho Joe Simon na Jack Kirby walikitoa New York mwishoni mwa 1940, ingawa jalada lake lilitiwa tarehe ya Machi 1941. Steve Rogers, kijana mkondefu ambaye ndiye atakayekuwa Captain America, ataka kujiandikisha jeshini, naye akataliwa kwa udhaifu wa mwili. Kisha apelekwa kwa siri katika maabara iliyofichwa nyuma ya duka la vikorokoro vya kale, ambako ajuza aliye mlangoni avua uso wa bandia na kumbe ni mwanamke kijana. Na humo ndani Profesa Reinstein amchoma sindano, mara kifua chatanuka, mabega yajaa, na yule asiyefaa kubeba bunduki awa hodari kupita askari wote.

Je, mtu aliyepata nguvu kwa sindano ana fadhila gani ya kusifiwa? Sifa humstahiki mtu kwa alitendalo kwa hiari yake, ilhali misuli ya Rogers ni hiba tupu, kama mali ya mwana wa tajiri. Atakayejibu kwamba sifa yake ni ile azma iliyoitangulia dawa, yaani kule kujitoa kwake hali mwili haumruhusu, nitamkubalia, ijapokuwa jawabu hilo lina taabu yake: madaktari wa jeshi walipima walichoweza kukipima, na kisa hakituambii nia ya kijana ilijulikana kwa kipimo gani.

Iko shaka nzito zaidi. Kijana huyu wa nywele za dhahabu na macho ya samawati, aliyekamilishwa umbo na wataalamu ili awe wa kwanza wa kikosi cha watu bora, ana sura ileile waliyoitukuza Wanazi, na waliomchora ni wana wawili wa Wayahudi. Tena jaladani wamemchora akimtandika Hitler ngumi ya taya, takriban mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani. Nadhani kisa chenyewe kiliihisi hatari hiyo, kwani dawa haijamaliza kufaulu ila jasusi ampiga profesa risasi, na siri yake yafa naye. Msomaji aweza kuuhesabu msiba huo kuwa hasara ya taifa. Mimi nauona ndio uliomwokoa Rogers, maana lau dawa ingezidishwa, taifa lingekuwa kiwanda cha kusubu wanadamu, na tofauti baina yake na adui ingebaki katika rangi za bendera.

Kirby mwenyewe, mzaliwa wa mtaa wa kimaskini wa Lower East Side, hakuchomwa sindano na yeyote. Aliitwa jeshini 1943, mwaka uliofuata akapigana Ufaransa akiwa askari wa miguu, na baridi ya huko ikamla miguu hata nusura ikatwe.