Maana Mbili za Bure

Lugha yetu ina neno moja lililobeba maana mbili. Kitu kinachotolewa pasipo malipo huitwa cha bure. Na kazi iliyofanywa pasipo faida husemwa kuwa imefanywa bure. Maana ya kwanza yaweza kugeuka ya pili upesi kuliko tunavyodhani. Yafaa tulipime neno hili katika elimu ya kompyuta, maana sehemu kubwa ya elimu hiyo sasa hupatikana bila ya bei. Swali letu ni hili: mtu akikitoa kitu kwa watu wote pasipo malipo, je, amekwisha kutenda haki?

Kwanza tukiri wema uliotendwa. Mwaka 2007 chuo cha MIT cha Marekani kilitoa Scratch, programu ya kuwafundisha watoto namna ya kuiamrisha kompyuta. Haina bei, na atakaye huitumia kwa Kiswahili. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Michael Curran, kijana kipofu wa Australia, alianza kutunga NVDA, programu inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo katika kioo cha kompyuta. Programu za namna hiyo zilikuwa zikiuzwa ghali, hata kipofu akatakiwa kulipa zaidi ya mwenye macho ili atumie chombo kile kile. Curran na wenzake waliitoa yao bure kwa ulimwengu mzima. Atakayewadharau watu kama hawa hana shukrani.

Lakini zawadi ina safari ndefu kutoka mkono wa mtoaji hadi mkono wa mpokeaji. Mowlem ni mtaa wa mashariki ya Nairobi, jirani wa Umoja na Kariobangi. Tuseme katika nyumba moja ya mtaa huo wanakaa mapacha, mvulana na msichana, wenye akili sawa na shule moja. Wote wawili wamesikia habari za masomo ya kompyuta ya bure. Jioni mvulana huvua sare, akaenda kwa rafiki yake mwenye kompyuta. Msichana huchota maji ikiwa mfereji umekauka, hupika, humwogesha mdogo wao, huosha vyombo. Amalizapo kazi usiku umeingia, na wazazi wake kwa haki kabisa huogopa kumwachia njia yenye giza. Simu ya mama ipo, lakini fedha ya intaneti imekwisha kununua unga.

Bei ya somo ni ile ile kwa wote wawili, yaani si kitu. Mbona basi mmoja amelipata na mwingine amelikosa? Ni kwa sababu fedha si bei ya pekee. Wakati ni bei; usalama ni bei; mwanga wa taa ni bei; lugha ya kitabu ni bei; na kwa asiyeona, mtu wa kumwonyesha mwanzo wa kazi ni bei. Aliyeondoa bei moja ameacha nyingine, nazo humlemea zaidi yule aliye na kidogo.

Yupo atakayejibu kwa methali kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ajitahidiye hupata, na akosaye ajilaumu. Methali hii ni ya kweli, wala juhudi haina badala. Walakini methali yenyewe yamtaka mtu awe ufukoni kwanza. Aliyefungwa jikoni hawezi kulaumiwa kwamba hakugaagaa na upwa.

Historia ya Nairobi ina fundisho hapa. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Ubaya ule ulikuwa dhahiri: palikuwa na amri, na palikuwa na wa kulaumiwa. Mlango wa siku hizi ni wa namna nyingine. Hakuna amri inayomkataza msichana wa Mowlem kujifunza kompyuta, na kwa sababu hiyo hakuna aonaye kwamba amezuiwa. Mlango uliofungwa kwa sheria hufunguliwa kwa sheria. Uliofungwa kwa desturi hufunguliwa na watu wa nyumbani.

Wapo walioielewa siri hii. AkiraChix, chama kilichoanzishwa na wanawake mjini Nairobi mwaka 2010, huwafundisha wasichana wasio na uwezo ufundi wa kompyuta. Hakikuishia kufuta ada; katika mafunzo yake ya mwaka mmoja huwapa pia makazi na chakula. Shirika la inABLE, lililoanzishwa mwaka 2009, lilipeleka kompyuta na walimu kwa wanafunzi wasioona wa Thika. Serikali ya Kenya nayo ilianza mwaka 2016 kugawa vishikwambi katika shule za msingi. Kipimo cha matendo yote haya ni kimoja: si idadi ya vitu vilivyotolewa, bali ya watoto waliovitumia. Kishikwambi kilichofungiwa kabatini kwa kukosa umeme au mwalimu ni cha bure kwa maana zote mbili.

Tena hasara si ya aliyeachwa peke yake. NVDA ilitungwa vema kwa vipofu kwa kuwa mtungaji wake alikuwa kipofu, akijua haja yao. Chombo hufuata mawazo ya fundi wake. Ikiwa mafundi wote watatoka upande mmoja wa mji, au watakuwa wanaume watupu, haja za wengine zitasahauliwa pasipo hata nia mbaya.

Basi jibu letu ni kwamba atoaye bure ameianza haki, lakini hajaimaliza. Kuimaliza si kazi ya vyuo vikubwa na serikali tu. Kijana asomaye ukurasa huu hawezi kujenga maktaba leo, lakini aweza kuchota ndoo ya maji ili dada yake apate saa moja ya kusoma. Saa hiyo haiuzwi dukani wala haitumwi kwa mtandao. Hutolewa na ndugu. Ikitolewa, zawadi iliyotoka mbali haitakuwa imetolewa bure.