Waliozama Hawakuwa Wakosaji Kuliko Sisi

Somo: Luka 13:1-5



Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilikuwa karibu na visiwa vya Maldives, ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Ilichukua watu 1,511, wakiwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wapatao 1,000, pamoja na wauguzi. Nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido mbili, ikazama kabla ya kutimia dakika mbili. Walikufa 1,297. Waliookoka ni 214 tu, na baba yangu mkubwa alikuwa mmoja wao.

Nyambizi ile ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Manowari za Waingereza, zikizilinda meli nyingine za msafara, zikatupa mabomu ya chini ya maji, na baadhi ya waogeleaji wakafa kwa mabomu hayo.

Baba mkubwa aliporudi huku Maswa, wengine walimwambia, "Mungu alikupenda." Wengine walinong'ona kwamba alikuwa na dawa. Aliwajibu wote neno moja: "Wenzangu nao walisali."

Bwana Yesu alipopashwa habari za waliouawa, aliwataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Kisha akawageukia walio hai akawataka watubu. Maana yake ni kwamba uhai tulioachiwa si tuzo, bali ni nafasi.

Baba mkubwa aliitumia nafasi hiyo. Kijiji cha jirani alikuwapo mama wa askari mwenzake aliyezama. Kila msimu alimlimia shamba lake la pamba kwanza, ndipo akalima la kwake, hata mama yule alipofariki.

Basi, ndugu zangu, radi ikimpiga mtu au mtoto akifa ghafla, tusiulize, "Amekosa nini?" wala "Nani amemroga?" Katika nchi yetu ya Usukuma maswali hayo yamewaua bibi vizee kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Kristo ametukataza kuhesabu dhambi za aliyepatwa. Tujiulize: aliyefiwa amebaki na nani wa kumlimia?

Mungu awape pumziko waliolala baharini, na sisi tuliosalia atupe toba. Amina.